Maskani ya Wanamichezo Wawili Ufukoni mwa Nyasa

Mume na mke waliozoea kukimbia alfajiri, kuogelea mwisho wa juma na kupanda milima kila wapatapo likizo, wanapotia nia ya kuihama nchi yao na kuanza maisha katika nchi nyingine, aghalabu huianza safari yao mezani, mbele ya ramani, wakitafuta mahali ambapo buluu ya maji inagusana na kahawia ya milima. Na atakayeitazama ramani ya Afrika ya Mashariki kwa jicho hilo hatakosa kusita kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambapo maji yaliyo kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari yanapiga miguu ya Milima ya Livingstone, na milima hiyo inapanda kutoka majini, mteremko juu ya mteremko, mpaka ikakaribia mita 3,000. Magharibi ya milima hiyo imetandazwa nchi tambarare ya Kyela, yenye mpunga, kakao, michikichi na migomba. Kaskazini ardhi inainuka kwenda Tukuyu na Mlima Rungwe. Na kusini ziwa linakwenda kilomita zaidi ya 550, jicho lisione mwisho wake. Ni muhali kupata mahali pengine katika Tanzania ambapo mtu mwenye miguu na mapafu mazuri angeweza kuogelea asubuhi katika maji matamu yenye uvuguvugu, na usiku uleule akalala katika baridi inayodai mablanketi mawili.

Watu wa jinsi hiyo wapo, nao wanazidi. Wengine ni wageni kutoka Ulaya na kwingineko, ambao waliteremka Matema, ufukoni mwa ncha hiyo ya kaskazini, kwa siku chache za mapumziko wakaondoka na fikra ya kurudi moja kwa moja. Wengine ni Watanzania waliokaa ughaibuni miaka mingi, wakaoa au kuolewa huko, na sasa wanataka kuwalea watoto wao mahali ambapo mtoto anaweza kutoka nje bila viatu. Naipenda nchi hii, na haja yangu ni kwamba wanaokuja wakae, wasije wakauza vyombo vyao baada ya masika moja na kuondoka na kinyongo. Kwa hiyo nitasema yale ambayo ramani haisemi, na nitayasema kwa kirefu pale ninapoyaona yana uzito.

Jambo la kwanza ni kwamba wao si wageni wa kwanza kulikabili suala hili. Mwaka 1891 walifika katika nchi ya Wanyakyusa wamisionari wa Kijerumani wa madhehebu mawili, Wamoravian na wale wa Chama cha Berlin, wote wakiwa wamepita njia ya ziwa. Na katika Wamoravian wanne wa kwanza, mmoja alifariki dunia kwa homa kabla wenzake hawajaweka jiwe la msingi Rungwe. Hao waliobaki hawakujenga ufukoni. Walipanda juu, kwenye ubavu wa mlima, mahali penye hewa baridi, na baada ya kupata nguvu ndipo walipoteremka kuanzisha kituo cha Ipiana katika tambarare ya Kyela. Serikali ya Kijerumani ilijifunza somo hilohilo kwa njia ngumu zaidi, maana ilijenga kwanza boma lake kando ya ziwa, chini ya Milima ya Livingstone, ikaliita Langenburg, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikalihamisha boma na jina lake mpaka Tukuyu, ambako mpaka leo wazee husimulia habari za Langenburg mpya na Langenburg ya kale. Watu hao walipofika walikuwa hawajajua yale ambayo Ronald Ross angeyathibitisha mwaka 1897, kwamba homa inaletwa na mbu. Walijua tu kwamba waliolala chini waliugua na waliolala juu walipona. Sisi leo tuna vyandarua vyenye dawa, tuna vipimo vya haraka katika zahanati, tuna dawa mseto, walakini mbu wa Kyela hakuhama, na mtu anayetaka kufanya mazoezi kila siku ya mwaka hana budi kuweka katika hesabu yake kwamba malaria moja isiyotibiwa mapema humnyang'anya mkimbiaji kazi ya miezi mingi.

Jambo la pili linahusu ziwa lenyewe, na hapa nitakawia, kwa sababu ziwa ndilo linalowavuta watu, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko vyote.

Anayesimama Matema akitazama kusini huona upande wake wa kulia mchanga mrefu unaokwenda kuelekea midomo ya mito, na upande wake wa kushoto huona mchanga ukikatika ghafula na mawe kuanza, milima ikiwa imezamisha miguu yake majini kuelekea Lyulilo na Ikombe. Pande hizo mbili ni maji ya ziwa moja, lakini kwa mwogeleaji ni nchi mbili. Upande wa mito, yaani Lufilyo, Mbaka, Kiwira na Songwe, maji yana udongo, hasa wakati wa mvua. Chini ni tope na majani. Na mamba, ambaye hapendi mawe wala kina kirefu kisicho na chakula, hupenda hapo. Mtu wa Kyela hamfundishi mwanawe kuogelea kwenye mdomo wa mto, na mgeni hana sababu ya kuwa hodari kuliko mtoto wa mwenyeji. Upande wa mawe maji ni maangavu kiasi kwamba mtu akiwa juu ya mtumbwi huona samaki wadogo wa buluu na manjano wakizunguka miamba iliyo chini yake, samaki ambao hawapatikani katika ziwa lolote jingine duniani. Na hatua chache kutoka ukingoni sakafu inatoweka, maana ziwa hili lina kina kinachofika mita 700 hivi katika sehemu zake za ndani kabisa. Ni uwanja mzuri wa kuogelea kwa aliyefunzwa, na ni mahali pa hatari kwa anayetegemea kugusa chini.

Kisha kuna kichocho. Nasema wazi kwa sababu wenye nyumba za wageni, katika ziwa lote, hawapendi neno hili litamkwe. Konokono wanaobeba kijidudu cha kichocho hukaa penye maji yaliyotulia, penye majani, karibu na makazi ya watu. Mawimbi, mawe na kina kirefu hupunguza hatari, ingawa hakuna aliyepewa dhamana. Mwogeleaji anayekaa hapa mwaka mzima na achukulie kwamba ipo siku ataguswa, apime wiki kadhaa baada ya kuogelea mahali penye shaka, na ameze dawa ya praziquantel kama alivyoagizwa na tabibu, jambo ambalo ni jepesi na la bei nafuu. Anayeona dhiki kuishi na kanuni hiyo na achague mchezo mwingine, au achague bahari.

Na upepo. Kuanzia Mei mpaka Agosti, wakati ambapo mbingu ni safi, baridi ya kipupwe imeingia na mgeni anasema moyoni kwamba hii ndiyo pepo aliyoahidiwa, upepo wa kusini ambao watu wa ziwa huuita mwera hupiga kwa siku mbili au tatu mfululizo, ukiyasukuma maji katika urefu wote wa ziwa mpaka yakafika huku kaskazini yakiwa mawimbi ya kweli, yenye ngurumo isikikayo usiku katika nyumba zilizo mbali na mchanga. Wavuvi huivuta mitumbwi yao juu, wakakaa, wakashona nyavu. Mwenye kayaki atakayetoka siku hiyo kwa sababu ratiba yake ya mazoezi imesema leo ni siku ya kupiga kasia amevunja sheria ambayo ni kongwe kuliko ratiba yoyote. Lakini kwa mwenye tanga, mwera ni neema, na kama ningekuwa mtu wa ubao wa tanga ningeyasubiri majira hayo kwa hamu. Upo pia wakati ambapo juu ya maji tulivu huinuka mawingu meusi mithili ya moshi wa moto mkubwa, yakatembea yakibadili umbo. Hayo ni majeshi ya vidudu vya ziwa, kungu, ambao watu wa mwambao huwakusanya na kuwafanya chakula, na ambao mwogeleaji akiingiliwa nao hufunga kinywa na kugeuza njia.

Nimekwisha sema habari za ziwa. Nchi kavu nitaipitia kwa wepesi zaidi. Tambarare ya Kyela ni nchi ya baiskeli. Kutoka Kasumulu mpakani mpaka Kyela mjini, kutoka Kyela mpaka Ipinda, watu huendesha baiskeli kwenda shambani, sokoni, kanisani na msibani, wakiwa wamepakia gunia la mchele, mkungu wa ndizi, au mama mwenye mtoto mgongoni na kuku mkononi. Na tangu barabara ya Kikusya, Ipinda na Matema ilipotiwa lami, mwendesha baiskeli wa mashindano amepata njia laini yenye kivuli cha mikakao mpaka ukingoni mwa maji. Akitaka mlima, auelekeze usukani kaskazini: kutoka Kyela mpaka Tukuyu ni safari ya kilomita 50 na kitu, na katika safari hiyo barabara inapanda zaidi ya mita 1,000, kati ya migomba kwanza, kisha kati ya mashamba ya chai. Akiendelea mpaka Isongole kwenye viazi na pareto atakuwa amevuka mita 2,000, na huko ndiko mkimbiaji wa mbio ndefu atakapoipata ile hewa nyembamba ambayo Kyela haina.

Juu zaidi kuna Kitulo, uwanda wa majani uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ambao wenyeji wameuita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, yakiwamo aina 45 za okidi za ardhini. Na kuna njia za miguu zinazoteremka kutoka huko kupitia Milima ya Livingstone mpaka Matema, njia ambazo mwanamichezo akizishuka siku moja magoti yake yatazikumbuka kwa juma zima. Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, hupandwa na kushukwa katika siku moja na mtu mwenye siha, akipita katika msitu ambamo yumo kipunji, kima wa manyoya marefu ambaye sayansi haikumtambua mpaka miaka ya mwanzo ya karne hii.

Haya yote yanaisifu nchi. Inafaa sasa niseme jambo linaloipunguza, nalo ni mvua. Mwambao huu wa kaskazini na milima iliyo nyuma yake ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Zipo sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na mvua hiyo huanza Novemba ikaendelea mpaka Mei, na mwezi wa Aprili si mvua tena bali ni hali ya dunia. Mito inayoteremka kutoka Rungwe hufika tambarare ikiwa imebeba kila kitu, ikafurika, ikaingia mashambani na majumbani. Mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi, umehama njia yake mara nyingi kiasi kwamba mkulima ameweza kuamka na kuliona shamba lake liko ng'ambo, na serikali mbili zimelazimika kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Katika miezi hiyo njia za mlimani huwa utelezi, baiskeli hukaa ukumbini, viatu havikauki, na mume na mke ambao ndoa yao imezoea kutoka nje kila siku hujikuta wamefungiwa ndani chini ya bati linalopigwa mvua kwa sauti inayozuia hata mazungumzo. Nimewaona watu wema wakikosana hapo. Hawakukosana kwa sababu ya tabia mbaya. Walikosana kwa sababu walichagua maskani mwezi wa Julai.

Kwa hakika, kuchagua mahali pa kuishi kwa ajili ya kitu kimoja tu kizuri ni kosa ambalo Afrika ya Mashariki imelionyesha kwa mfano usiosahaulika. Jinja, nchini Uganda, ambapo Nile inatoka Ziwa Nyanza (Viktoria), palikuwa na maporomoko ya Bujagali, na kuanzia miaka ya 1990 walikuja watu kutoka pembe zote za dunia kuishi pale kwa ajili ya mashua za mpira na kayaki, wakajenga, wakazaa, wakafungua biashara. Mwaka 2012 bwawa la umeme la Bujagali lilikamilika, na maporomoko yakazama chini ya maji yaliyotulia. Uganda ilihitaji umeme, na haki yake hiyo haina mjadala. Baadhi ya wale watu walihamia chini zaidi ya mto, na baada ya miaka michache likaja bwawa la Isimba. Waliodumu Jinja ni wale ambao, pamoja na kuupenda mto, walikuwa wameupenda mji na watu wake.

Mfano wa upande wa pili ni Iten, ukingoni mwa Bonde la Ufa la Kenya, mji ulio katika kimo cha mita 2,400. Alipofika huko mwaka 1976 Bradha Colm O'Connell kutoka Ireland kufundisha katika shule ya Mtakatifu Patrick, Iten haikuwa na jina lolote duniani. Baadaye Lornah Kiplagat, mzaliwa wa nchi hiyohiyo ya Wakeiyo, na mumewe Mholanzi Pieter Langerhorst, walikabili suala lilelile tunalolizungumza, ila wao walikuwa na nchi mbili za kuchagua. Lornah alichukua uraia wa Uholanzi mwaka 2003, akaiwakilisha nchi hiyo, akaitwalia ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani mwaka 2006, na mwaka 2007 kule Udine, Italia, akavunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa saa 1, dakika 6 na sekunde 25. Kwa karatasi alikuwa Mholanzi. Lakini kambi ya mazoezi ambayo yeye na mumewe waliijenga waliijenga Iten, wakaifungulia milango wasichana wa pale na wageni wa nje, na watu wanaokimbia katika mavumbi mekundu ya mji ule leo ni wa mataifa yasiyohesabika. Hewa nyembamba inapatikana pia Isongole, na inapatikana Njombe, na kimo cha Kitulo kimeizidi Iten. Kilichoipa Iten ubora ni kwamba mtu akitoka alfajiri hakimbii peke yake.

Hapo ndipo ulipo moyo wa maneno yangu. Mwanamichezo huweza kuvumilia joto, mvua, mbu na barabara mbovu. Upweke ndio unaomshinda. Na mume na mke wanaocheza pamoja wamo katika hatari ya pekee, maana wao hujiona wametosheana: wanakimbia wawili, wanaogelea wawili, wanarudi nyumbani wawili, na miaka miwili ikipita wanagundua kwamba wameishi kijijini bila ya kuwa wanakijiji. Nchi ya Wanyakyusa haikuumbwa kwa maisha ya namna hiyo. Miaka ya 1930 walikuja hapa mume na mke wengine wa kigeni, Godfrey Wilson, Mwingereza, na Monica, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, wataalamu wa elimu ya jamii ambao walijifunza lugha, wakakaa, na kati ya mwaka 1934 na 1938 wakakusanya maarifa ambayo Monica, akiwa mjane baada ya Godfrey kufariki mwaka 1944, aliyatoa katika vitabu vinavyosomwa hata leo. Jambo lililowashangaza kuliko yote ni kwamba katika desturi ya zamani vijana wa kiume walipofikia kiasi cha umri wa miaka 10 walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao, marika pamoja, na marika hao wakaendelea kukaa pamoja mpaka uzeeni. Hivyo jirani wa mtu alikuwa mtu aliyechunga naye ng'ombe, aliyecheza naye, aliyekula naye. Vijiji vile vya marika vimekwisha. Lakini ile imani kwamba maisha mema ni maisha ya kuwa pamoja na wenzako haikwisha, na kila mgeni anapimwa kwayo, hata kama hapana mtu atakayemwambia.

Basi apimwe katika mambo madogo. Mkimbiaji anayepita njiani saa kumi na mbili asubuhi atamkuta mzee akielekea shambani na jembe begani. Desturi inamtaka asimame, ainamishe mwili kidogo, aseme "Mugonile, tata", angoje jibu, aseme "ndaga", ndipo aendelee. Na akimkuta mama mwenye kuni kichwani, yeye mkimbiaji ndiye anayempisha, hampiti ubavuni kwa kasi kama gari. Saa yake ya mkononi itamwambia amepoteza sekunde 40. Mji mzima, kwa upande wake, utakuwa umepata habari kwamba wale wawili wana adabu. Bibi naye atagundua upesi kwamba nguo fupi za mbio, ambazo kwao hazimshangazi mtu, hapa zinawafanya akina mama wageuze nyuso, na kwamba suruali nyepesi ya kufika gotini au leso iliyofungwa kiunoni baada ya kuogelea inamfungulia milango ambayo hakujua kuwa imefungwa. Na yule bwana akienda uwanjani jioni, ambapo vijana wa Ipinda au wa Kyela mjini wanacheza mpira mpaka giza liwazuie kuona goli, asiende kutazama wala kufundisha kabla hajaulizwa. Aombe namba, acheze, afungwe, arudi kesho. Mbeya nako hufanyika mbio za Tulia Marathon, na vijana wa huku wenye miguu ya kupanda milima ya Livingstone hukosa nauli tu ya kufika kwenye mstari wa kuanzia. Wanamichezo wawili wenye gari wanajua la kufanya.

Ufukoni ni vivyo hivyo. Siku ya Jumamosi, Lyulilo hufanyika soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe na vijiji vya chini ya milima huvileta vyungu vyao kwa mitumbwi, vimepangwa kimoja ndani ya kingine na kukazwa kwa majani makavu, vya udongo mwekundu uliopakwa mapambo meupe, vyembamba kiasi cha kulia kama kengele ukivigonga kwa ukucha. Mpiga kasia wa kigeni mwenye chombo cha plastiki cha mamilioni ya shilingi akae pale atazame namna mwanamke mmoja, amesimama katika gogo lililochongwa, anavyoligeuza gogo hilo lenye mzigo wa vyungu kwa pigo moja la kasia bila ya chungu kugongana na chungu. Hapo atakuwa amempata mwalimu wake, na kama ana busara ataomba apande.

Sasa nitoe rai. Wengi huuliza Tukuyu au Matema. Tukuyu pana baridi, mlima, maduka, na huduma ya afya iliyo karibu zaidi na hospitali ya rufaa ya Mbeya, na kwa mkimbiaji au mwendesha baiskeli ingetosha. Matema pana maji, mchanga, na hospitali ya Kilutheri ambayo imewafaa watu wa ukingo huu kwa miaka mingi, na kwa mwogeleaji ingetosha. Lakini mume na mke wanamichezo mara nyingi hawapendi mchezo mmoja. Mmoja ni wa maji na mwingine ni wa mlima, na ikichaguliwa ncha moja ya barabara, mmoja wao anakuwa ameghairi nafsi yake, na deni hilo hulipwa siku moja. Kwa hiyo mimi ningewashauri wakae Ipinda, mji mdogo wa soko ulio katikati: ziwa liko mwendo wa baiskeli, njia ya kupanda milimani iko mlangoni, mchele mpya wa Kyela unanukia sokoni mwezi wa Juni, na, zaidi ya yote, hapo wataishi na watu. Anayejichimbia katika nyumba ya mchangani Matema huishia kuishi na watalii, ambao kila Jumatatu hubadilika.

Mambo ya sheria ni mafupi na hayana huruma. Mgeni hamiliki ardhi Tanzania. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inamruhusu kupata haki ya kutumia ardhi kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, basi, na ardhi ya kijiji inatawaliwa na sheria yake, Na. 5 ya mwaka huohuo. Kununua kiwanja kwa jina la rafiki mwenyeji ni kuununua ugomvi. Mtanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine naye kwa miaka mingi alihesabiwa mgeni mbele ya sheria hiyo, hata kama kitovu chake kilizikwa Kyela. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto, kwa hiyo ile nyumba ya ndotoni, ambayo mtu anatoka kitandani akatumbukia majini, haimo. Kibali cha ukaazi kina madaraja yake, la A kwa mwekezaji na anayejiajiri, la B kwa mwajiriwa, la C kwa wengineo, na viza ya matembezi haigeuki kibali kwa kukaa tu.

Basi waje Novemba, siyo Julai. Wateremke uwanja wa ndege wa Songwe, wapande gari mpaka Ipinda, wapange nyumba ya vyumba viwili yenye bati zima na chandarua kisichotoboka, wanunue baiskeli mbili za kawaida kabla ya kuyaleta yale mabaiskeli yao ya gharama, wajifunze salamu, wapimwe damu kila waonapo homa, wakae Desemba, Januari, Februari, wakae Aprili yote. Mwezi wa Juni ukifika, mpunga umevunwa na mwera umeanza, waulizane wao kwa wao, kisha wawaulize majirani zao. Majirani wakisema kaeni, na wajenge.